Sauti Isiyokwaruza Sikio

Wazee wa Ushirombo husema redio za siku hizi zina makelele. Vijana huwacheka, lakini historia iko upande wa wazee.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Huku kwetu ilifika kwa mawimbi ya kati na mafupi, ambayo hayabebi vizuri sauti nyembamba: zinazozidi mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde hupotea. Redio yenyewe ilikuwa na spika moja ya karatasi, ikazidi kulainisha kilichobaki. Hivyo magitaa ya Morogoro Jazz yalitufikia yakiwa yamepunguzwa makali, na sikio likazoea.

Kisha zikaja kaseti, FM na spika za mezani zenye twita. Twita kali hupendeza dukani kwa dakika tano; nyumbani huchosha, kwa kuwa sikio la binadamu ni jepesi mno kati ya mitetemo 2,000 na 5,000. Bati na sakafu ya saruji huongeza ukali.

Basi ukimchagulia mzee spika, tafuta yenye twita ya kitambaa, wala usiielekeze usoni pake. Usiipime kwa muziki peke yake. Msikilize msomaji wa habari. Herufi “s” ikichoma, iache. Mzee anayechomwa masikio hagombi. Huinuka taratibu akaenda kukaa nje, na mazungumzo ya sebuleni yakamkosa.