MAJINA TUNAYOBEBA, SEHEMU YA 4: Nightingale, jina la ndege lililogeuka jina la wauguzi

Sehemu zilizopita tulikaa na majina ya huku kwetu. Leo twende mpaka Uingereza tukafuate jina moja la ukoo ambalo hata Waingereza wenyewe hawakutani nalo kila siku: Nightingale.

Kama umewahi kwenda mahafali ya chuo cha uuguzi ukaona vijana wamevaa sare nyeupe, wameshika mishumaa, wanakula kiapo, basi ulikuwa unaangalia kivuli cha jina hilo. Kiapo chenyewe kinaitwa kwa jina la Nightingale, ingawa si yeye aliyekiandika. Kiliandikwa Marekani mwaka 1893. Na kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunaadhimisha siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820.

Sasa jina lina maana gani? Ni jina la ndege. Ni kindege kidogo cha rangi ya kahawia, ukikiona hukigeukii mara mbili, lakini kikiimba usiku watu huacha usingizi wakasikiliza. Katika Kiingereza cha zamani jina lake ni kama kusema "mwimbaji wa usiku". Baridi ikianza Ulaya, ndege huyu huruka mpaka Afrika, kusini mwa Sahara, akangoje joto lirudi. Kwa hiyo jina tunaloliona la kigeni, mwenye nalo ni mgeni wetu wa kila mwaka.

Lilifikaje kuwa jina la ukoo? Zamani Waingereza wengi walikuwa na jina moja tu. Watu walipoongezeka, na wakubwa wakataka kuandika kodi na urithi, kila mtu akahitaji jina la pili. Wengine walipewa la kazi: Smith ni mhunzi, Baker ni mwoka mikate. Wengine la baba: Johnson ni mtoto wa John. Wengine la mahali walipotoka. Na wengine wakapewa la utani. Huyu ana sauti nzuri ya kuimba? Muite Nightingale. Utani ukarithiwa na watoto, na wajukuu wasiojua kuimba hata kidogo wakabaki nalo. Mwaka 1538 serikali ikaagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko kwenye daftari. Jina likishaandikwa, kuliondoa inakuwa kazi.

Hebu linganisha na huku kwetu. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu, na majina yanavuka mpaka bila pasipoti. Ukisikia Bukuru na Butoyi, umejua ni mapacha, mkubwa na mdogo. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane. Jina linakusimulia mtoto alivyokuja duniani. Na kwa desturi ya Warundi na Wanyarwanda kila mtoto hupewa jina lake, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane jina hata moja. Sisi Tanzania tunaandika la mtoto, la baba na la babu. Hiyo ni njia ya akina Johnson, ila yetu inasogea kila kizazi: jina la mwisho la babu silo la mjukuu.

Sasa njoo kwenye kisa chenyewe. Baba yake Florence hakuzaliwa Nightingale. Alizaliwa William Shore. Mjomba wa mama yake, mzee Peter Nightingale, alikuwa na mali huko Derbyshire na hakuwa na mtoto wa kumrithi. Akaacha wosia: kijana atapata mali. Mwaka 1815, alipofikisha miaka 21, William akaipokea na kuchukua jina la mzee. Miaka mitano tu baadaye akazaliwa Florence. Yaani jina tunalolitaja kwenye mahafali lilikuja na shamba.

Na mama zangu, hapa ndipo sikio lisimame. William alipata mabinti wawili, Parthenope na Florence. Wosia ule ulitaka mtoto wa kiume. Hakupatikana, kwa hiyo mali haikubaki kwa mabinti. Ilipita kwa dada yake William, na kutoka hapo kwa mtoto wa kiume wa dada huyo, ambaye naye alibadili jina akawa Nightingale. Florence alikwenda vitani mwaka 1854 na wanawake 38 kuuguza askari, akafungua shule ya wauguzi London mwaka 1860, akasomwa na wakubwa wa dunia. Lakini kwa wosia ule yeye alikuwa binti tu.

Mkisema hayo ni ya Wazungu, tazameni hapa hapa mkoani Kagera. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza. Ndugu wa kiume akaenda mahakamani: kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba Katiba inakataza ubaguzi, mwanamke ana haki ileile ya mwanaume. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaandika wazi haki ya mwanamke kumiliki ardhi. Sheria ipo. Kinachobaki ni sisi nyumbani kuacha kusema "huyu ni wa kuolewa, jina litaondoka".

Kwa nini nesi anawaambia haya? Kwa sababu jina la mtoto linaandikwa kwanza mikononi mwetu, wodini. Na mali, shule, bima na kitambulisho vyote vitafuata maandishi yale. Kwa hiyo naomba tufanye haya:

Moja, mkubaliane jina kabla ya uchungu kuanza. Mama aliyetoka kujifungua hana nguvu za kubishana na shangazi.

Mbili, taja herufi moja moja. Bukuru na Bukulu kwenye karatasi ni watu wawili. Butoyi na Butoi vilevile. Usione aibu kumwambia nesi, "Dada, naomba nisome ulivyoandika."

Tatu, tangazo la kizazi, kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa viwe na jina lilelile, kwa mpangilio uleule. Kizazi kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 90, usingoje mtoto aanze shule.

Nne, binti aandikwe sawasawa na kaka yake, majina yote matatu. Nimeona kadi za wavulana zimejazwa vizuri, za dada zao zina jina moja na mstari mtupu. Mstari ule mtupu siku moja utaulizwa.

Na jina la Nightingale leo? Kama jina la ukoo bado ni la wachache, ukililinganisha na akina Smith na Jones. Ila kama jina la heshima limeenea kuliko wote hao. Mwaka 2020, miaka 200 tangu Florence azaliwe, Shirika la Afya Duniani liliufanya kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, na Uingereza ikaziita hospitali zake za dharura za korona kwa jina hilo. Shamba halikulikuza jina hilo, lilikuzwa na binti ambaye wosia ulimpita.

Mwenyewe alifariki mwaka 1910, na juu ya kaburi lake, kijijini East Wellow, hakuandikwa jina. Kuna herufi mbili tu, F.N., na miaka yake.

Sehemu ya 5 tutazungumzia watoto wanaopewa jina la marehemu. Hadi hapo, mama, leo jioni toa kadi ya mwanao usome jina lake herufi kwa herufi. Likiwa na kosa, njoo kituoni mapema.