Fahamu Mnato: Kwa Nini Petroli Husambaa Haraka na Molasi Hujikokota

Malori ya mafuta hupita kila siku katika Barabara Kuu ya TANZAM, inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50 kuelekea Iringa, Mbeya na nchi jirani ya Zambia. Katika Wilaya hiyo ya Kilosa, miwa husindikwa kuwa sukari na kuacha molasi nyeusi na nzito. Petroli na molasi zote ni vimiminika. Hata hivyo, kimoja kikimwagika husambaa kwa sekunde chache, na kingine hujikokota. Sifa inayoleta tofauti hiyo huitwa mnato.

Maana ya mnato

Mnato ni ukinzani wa ndani wa kimiminika dhidi ya mtiririko wake. Kimiminika kinapotiririka, tabaka zake huteleza moja juu ya nyingine. Molekuli zinazovutana kwa nguvu, au zilizo ndefu na kusongamana, huzuia mtelezo huo. Molekuli za petroli ni ndogo na huvutana kwa nguvu hafifu. Molasi ina sukari nyingi iliyoyeyuka katika maji kidogo, hivyo molekuli zake hushikamana.

Mnato hupimwa kwa pascal-sekunde. Katika nyuzi joto 20 za Selsiasi, mnato wa maji ni takriban elfu moja ya kipimo hicho. Mnato wa petroli ni karibu nusu ya ule wa maji, ilhali wa molasi huzidi ule wa maji kwa maelfu ya mara.

Mnato si sawa na uzito. Mafuta ya kula huelea juu ya maji kwa kuwa ni mepesi zaidi, lakini hutiririka polepole kuliko maji. Zebaki ina msongamano mara 13.6 ya ule wa maji, ilhali mnato wake ni takriban mara moja na nusu tu.

Athari ya joto

Joto hupunguza mnato wa vimiminika, kwa kuwa molekuli huongeza mwendo na kuachiana kwa urahisi. Ndiyo sababu lami hupashwa moto kabla ya kumwagwa barabarani, kisha ikipoa hukaza. Katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, jaribio la kuchunguza lami ikidondoka lilianza mwaka 1927. Hadi mwaka 2014 yalikuwa yameanguka matone 9 tu.

Madereva hukutana na kanuni hiyo katika oili ya injini. Kwenye oili ya 15W-40, namba ya kwanza huonesha tabia yake katika baridi na ya pili katika joto la injini inayofanya kazi. Oili nyepesi kupita kiasi hushindwa kutenganisha vyuma vinavyosuguana, na nzito kupita kiasi huchelewa kuvifikia.

Kanuni hiyo huongoza pia ujenzi wa mabomba ya mafuta. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, huhitaji vituo vya pampu kusukuma mafuta. Bomba la Afrika Mashariki, EACOP, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, limesanifiwa kupasha mafuta joto la takriban nyuzi 50, kwa kuwa mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida.

Tahadhari kwa wananchi

Mnato mdogo wa petroli huifanya isambae haraka, ifuate mitaro na kuenea katika eneo kubwa. Aidha, mvutano hafifu wa molekuli zake huifanya igeuke mvuke kwa urahisi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na huweza kuwaka kwa cheche moja ya pikipiki, betri au sigara.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, katika barabara hii hii. Wananchi walikuwa wakichota petroli moto ulipolipuka, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Mwananchi akiona lori la mafuta limepinduka anapaswa kuondoka eneo hilo mara moja, kuelekea sehemu ya juu na upande upepo unakotokea, kutowasha chombo chochote karibu na mafuta na, akishafika mbali, kupiga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mafuta yaliyomwagika hayachotwi.