Kipandikizi Kikivuka Bahari: Utafiti wa Usikivu Utazamwe Kutokea Fundo

Utangulizi

Mwezi Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikiza wasiosikia vifaa vya koklea, sehemu ya sikio la ndani, huduma ambayo hadi wakati huo Watanzania waliifuata ng'ambo, hasa India. Hatua hiyo ilistahili kila pongezi iliyopewa. Hata hivyo, mzazi wa mtoto asiyesikia wa Fundo, kisiwa kilicho magharibi mwa Pemba katika Wilaya ya Wete, bado ana safari ndefu mbele yake: boti hadi Wete, gari hadi Mkoani, meli hadi Unguja, kisha meli nyingine hadi Dar es Salaam. Makala haya yanadai kwamba safari hiyo ni sehemu ya tiba, na kwa hiyo lazima iwe sehemu ya utafiti. Vyuo vikuu vimekwisha kuthibitisha kuwa vifaa vinafanya kazi. Kinachodai uchunguzi sasa ni namna ya kumtambua mtoto mapema na kumhudumia kwa miaka mingi baada ya upasuaji, na mahali panapofaa kuulizia swali hilo ni pale ambapo njia ni ngumu.

Kifaa na umri wa ubongo

Ndani ya koklea ya binadamu mna seli nywele za ndani zipatazo 3,500, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Shimesikio hukuza sauti kwa mtu ambaye sehemu ya seli hizo bado ni hai. Kipandikizi huziruka na kuisisimua neva moja kwa moja kwa umeme, kupitia elektrodi ambazo kwa kawaida ni kati ya 12 na 22. Jaribio la André Djourno na Charles Eyriès mjini Paris mwaka 1957 ndilo lililofungua njia. Mwaka 1978 Graeme Clark alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza huko Melbourne kifaa chenye elektrodi nyingi. Kufikia mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa vipandikizi milioni moja vimekwisha kuwekwa duniani.

Ugunduzi wenye uzito zaidi kwa Fundo unahusu wakati. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado walionyesha kuwa watoto waliotambuliwa kabla ya miezi sita walikuwa na lugha pana kuliko waliochelewa kutambuliwa. Mwaka 2002 Anu Sharma na wenzake walipima jinsi ubongo unavyoitikia sauti kwa watoto waliopandikizwa. Waliopata kifaa kabla ya umri wa miaka mitatu na nusu walionyesha mwitikio wa kawaida. Wengi wa waliokipata baada ya miaka saba hawakuufikia. Mtoto ambaye tatizo lake linagunduliwa anapopelekwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, ambako somo zima huingia kwa sikio, amekwisha kupoteza miaka iliyo bora. Hospitali haina upasuaji wa kuirudisha.

Baada ya upasuaji

Sehemu ya nje ya kipandikizi huhitaji umeme kila siku. Katika mwaka wa kwanza mtoto hurudi mara kadhaa ili kifaa kirekebishwe kadiri anavyozoea sauti, na mafunzo ya kusikia na kusema huendelea kwa miaka. Shimesikio nalo lina madai yake. Betri ndogo za zinki hudumu wiki moja au mbili tu, na kibonyeo kinachokaa sikioni hubadilishwa kila sikio la mtoto linapokua. Hewa ya chumvi na jasho huharibu viungo vya umeme.

Fundo ni kisiwa cha wavuvi na wakulima wa mwani. Kazi ya mwani hufuata bamvua, maana ndipo maji hutoka mbali na shamba likafikika. Mama aliyepangiwa kliniki siku za bamvua hulipa nauli na pia hupoteza siku za kazi ambazo hazirudi hadi bamvua lijalo. Hospitali ikimwandika kuwa mzazi asiyefuatilia matibabu, haijamtendea haki, na kitaaluma imepima kitu kisichokuwepo.

Kwa hiyo utafiti unaokoma siku mtoto anaposikia sauti ya kwanza umekoma mapema mno. Baada ya miaka miwili ingetakiwa kujulikana kifaa kinavaliwa saa ngapi kwa siku, kimelala siku ngapi kwa kukosa betri au waya, na kila rekebisho limeigharimu familia kiasi gani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa watu milioni 430 wanahitaji huduma za usikivu, na kwamba watazidi milioni 700 ifikapo 2050. Idadi hiyo haitahudumiwa kwa kuhesabu vifaa vilivyogawiwa.

Uwezo uliopo Pemba

Atakayesema kuwa kisiwa hakina uwezo wa kufanya utafiti wa namna hii aitazame historia ya Pemba yenyewe. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 karibu na Chake Chake, imekuwa kituo cha tafiti kubwa za minyoo na kichocho. Jaribio la madini ya chuma na asidi ya foliki, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, liliwafuatilia Pemba watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35. Lilionyesha kuwa kuwapa watoto wote madini hayo mahali penye malaria nyingi kunaweza kudhuru, na dunia ikabadilisha mwongozo wake. Umri wa watoto wale ndio umri ambao ubongo hujifunza kusikia. Kisiwa kilichoweza kuwafuata watoto hao nyumba kwa nyumba kinaweza kuwafuata tena kwa ajili ya masikio yao.

Njia ya kuwafikia nayo ipo. Mpango wa Zanzibar wa Jamii ni Afya huwapeleka wahudumu wa kujitolea majumbani wakiwa na simu zenye maswali ya afya ya mama na mtoto. Kuongeza maswali machache humo, kama vile iwapo mtoto hushtuka mlango ukibamizwa au hugeuka akiitwa, kungeanzisha orodha ya watoto wa kupimwa Wete kwa kifaa cha kubebeka kinachopima sikio la mtoto aliyelala. Dar es Salaam vipimo vya kubebeka vimekwisha kutumika: watafiti wa Muhimbili na wa chuo cha Dartmouth cha Marekani walichunguza kwavyo usikivu wa watu wanaoishi na VVU, wakakuta kuwa wengine hupata shida ya kuchakata sauti ndani ya ubongo hata sikio lenyewe likionekana zima.

Mifano ya nje inatia moyo. Katika vijiji 15 vya Alaska, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwalinganisha wanafunzi waliopewa rufaa kwa barua na waliopewa rufaa kwa njia ya mtandao kutoka shuleni. Waliofuatiliwa walikuwa takriban 32 katika kila 100 kwa barua, na 68 kwa mtandao. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoruhusu wahudumu wasio mabingwa, wakifunzwa na kusimamiwa, kutoa huduma za shimesikio.

Hoja mbili za kujibiwa

Wapo watakaosema kinga itangulie. Nakubaliana nao: Shirika hilo linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika, kama usaha wa sikio, surua, rubela, homa ya uti wa mgongo na dawa kama gentamaisini. Lakini mhudumu atakayeuliza kama mtoto anasikia ndiye atakayeuliza kama sikio linatoa usaha. Ziara ni moja.

Hoja ya pili hutoka kwa viziwi wenyewe, nayo ni nzito zaidi: mtoto anayengojea kifaa anangojea lugha. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, na haisubiri meli. Mradi wowote Fundo uwafundishe wazazi alama tangu siku ya kwanza, na Chama cha Viziwi Zanzibar kiwe mezani wakati maswali ya utafiti yanapotungwa.

Hitimisho

Chuo Kikuu cha Muhimbili, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na maabara ya Pemba zianze na kundi dogo la watoto wa visiwa vya Wete, zilifuate tangu kuzaliwa hadi darasa la kwanza, na nauli ya mzazi iwemo katika bajeti ya utafiti. Mfumo utakaomhudumia mtoto wa Fundo kwa miaka saba utamfaa pia mtoto wa Tumbatu, wa Mafia na wa Micheweni. Mfumo uliopimwa Dar es Salaam peke yake hauwezi kudai hivyo.