Mihula Minane Katika Miezi Ishirini na Mitatu

Rejista ya darasa, kwa ambaye hajapata kuishika, ni daftari pana lenye mistari ya kusimama na ya kulala, ambamo kila asubuhi mwalimu hutia alama mbele ya jina la kila mtoto aliyehudhuria, na mwisho wa wiki akajumlisha. Nayo ni kitu duni machoni pa watu, hata mwaka ukiisha hutupwa kabatini pamoja na vipande vya chaki na mipira isiyo na upepo. Walakini atakaye kuijua tarikhi ya elimu ya Kenya katika miaka hii ya karibuni na aifungue rejista yoyote ya shule ya kutwa ya mwaka 2020, naye ataona kwamba alama zimekoma Ijumaa ya tarehe 13 Machi, siku ile ile ambayo Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alilitangazia taifa habari ya mgonjwa wa kwanza wa Korona. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe: za kutwa tangu Jumatatu, za bweni zisipite Jumatano, na vyuo vikuu visipite Ijumaa. Baada ya alama hizo za mwisho karatasi ni nyeupe, na kwa watoto walio wengi wino haukurudi mpaka Jumatatu ya tarehe 4 Januari 2021.

Si kwamba nchi zetu hazikuwa zimeonja maradhi ya kuenea. Wazee wa pwani walisimuliana habari za waba uliofyeka Unguja mwaka 1869 na 1870, ambao tabibu James Christie, aliyekuwa akiishi huko, aliuandikia kitabu kizima. Na ile homa ya mafua ya mwaka 1918 iliingia kwa bandari ya Mombasa ikapanda bara pamoja na reli. Lakini elimu iliyokuwapo pwani zama hizo aghalabu ilikuwa ni ya chuo cha Kurani, pale barazani kwa mwalimu, ambapo kila mtoto ana ubao wake na mahali pake katika juzuu, na hapana mtu amwambiaye mwenziwe kwamba mwaka umepotea, kwa sababu hapakuwa na mwaka wa kupotea. Maradhi yakiondoka, mtoto aliyesalimika hurudi, mwalimu akamwuliza alikomea wapi, naye huanzia hapo hapo. Nimelitaja jambo hili kwa makusudi, maana naona kwamba yote waliyoyataabikia walimu wakuu baada ya Korona yaliingia katika swali hilo moja la mwalimu wa chuoni: wewe ulikomea wapi?

Shule ya kisasa haina nafasi ya kuuliza hivyo. Imefungwa kwa kalenda kama jahazi lililofungwa kwa nanga, na kalenda yenyewe wakati huo ilikuwa imefungwa kwa mitihani ya taifa, ile ya darasa la nane na ile ya kidato cha nne, ambayo kwa miaka mingi ilifanywa kila mwisho wa mwaka, na humo ndimo lilimokatwa shauri la mtoto ataendelea na masomo au la. Kwa hiyo Profesa George Magoha, Waziri wa Elimu, alipotangaza tarehe 7 Julai 2020 kwamba mwaka ule wa masomo utahesabiwa kuwa umepotea, na kwamba hapatakuwa na mitihani mpaka mwaka utakaofuata, neno hilo liliwapiga wazazi kama habari ya msiba. Masomo ya redio na televisheni yalikuwapo, tena yalitayarishwa kwa juhudi. Ila redio haimwoni mtoto, wala haijui kama anaandika ama amekwenda kuchunga, na nyumba ambayo betri ya redio hununuliwa kwa kuacha sukari haiwezi kuitwa darasa.

Shule za binafsi ndizo zilizotangulia kuumia, kwa kuwa hazina pato jingine isipokuwa karo. Huko Mwea, nchi ya mpunga, ilikuwapo shule ambayo mwenyewe aliyageuza madarasa kuwa mabanda ya kuku na kiwanja cha michezo kuwa shamba la mboga. Nasi tuliziona picha zake, kuku wamejaa sakafuni na ukutani bado umesimama ubao wenye maandishi ya somo la mwisho. Wapo waliocheka. Mimi sikuona cha kuchekwa kwa mtu aliyetafuta riziki ya halali katika jengo alilojinyima ili kulijenga. Bali niliwafikiria walimu wake, na wengine wengi katika nchi nzima, ambao walikwenda kulima vibarua na kuuza maandazi, wasijue kama ile taaluma waliyoisomea itawaita tena.

Amri ya kufungua ilitoka ghafula kama ilivyotoka ya kufunga. Tarehe 12 Oktoba 2020 yaliitwa madarasa matatu tu: la nane na kidato cha nne, kwa ajili ya mitihani, na gredi ya nne, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele kabisa katika mtaala mpya wa umilisi, na kila hatua yake ilikuwa ni njia inayofyekwa mara ya kwanza. Hapo ndipo mwalimu mkuu alipotakiwa kuwa seremala, mganga, mhasibu na mjumbe kwa wakati mmoja. Aliambiwa awatenge watoto mita moja na nusu, ilhali darasa lake lina watoto sabini na madawati yanayokaliwa watatu watatu. Aliambiwa wanawe mikono, ilhali maji hutoka kisimani kwa punda. Aliye na akili ya tadbiri hakungoja waraka wa pili. Alikwenda na kamba, akalipima darasa, akahesabu wangapi wataenea, na waliozidi akawatafutia ukumbi, au kanisa la jirani, au kivuli cha mwembe. Serikali ilitoa fedha za madawati yatengenezwe na mafundi wa jua kali wa papo hapo, na hilo lilikuwa jema. Lakini wakati shule zote zilipofunguliwa Januari, ile hesabu ya mita haikukubali kamwe, na wizara yenyewe ikakiri kwamba barakoa na maji ndiyo yawezekanayo.

Mas'ala makubwa zaidi hayakuwa ya madawati. Asubuhi ya tarehe 4 Januari mwalimu alipoita majina, palikuwa na majina yasiyoitikiwa. Machifu na wasaidizi wao, pamoja na wazee wa nyumba kumi, waliamriwa wazunguke wawatafute, wakakuta mvulana anayezoea noti za boda boda, na msichana aliyeolewa, na mwingine mwenye mimba anayejificha chumba cha nyuma kwa haya. Tangu mwaka 1994 Kenya ilikuwa na sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyezaa, na mwalimu mkuu aliyeijua aliweza kumwendea mama wa binti akasema naye kwa heshima, akampa na siku ya kurudi. Wengine hawakuijua, ama hawakutaka kuijua. Sierra Leone ilipozifungua shule zake Aprili 2015 baada ya Ebola, wasichana wenye mimba walizuiliwa mlangoni, na katazo hilo halikuondolewa mpaka Machi 2020. Nayo Tanzania, Novemba 2021, iliwafungulia mabinti waliozaa njia ya kurudi shuleni. Kwangu mimi, hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kiongozi wa shule: idadi ya waliorudi kwa sababu mtu alikwenda kubisha hodi, kabla ya alama za mtihani kuulizwa.

Kisha ikaja ile tadbiri ya kalenda. Wizara iliazimia kuurudisha mwaka wa masomo Januari, na njia iliyochaguliwa ilikuwa kuubana: tangu tarehe 4 Januari 2021 hadi Novemba 2022 shule zilisoma mihula minane, ambapo desturi ni sita. Mwaka wa masomo uliokuwa na wiki 39 ukawa na wiki 30 hivi. Likizo nyingi zikawa kama wiki moja. Mzazi aliyekuwa bado hajainuka kutoka hasara za Korona akatakiwa karo baada ya karo. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza tarehe 26 Julai 2021, siku kumi tu baada ya kwisha ule wa 2020. Mwaka wa 2022 ukakatwa tena na uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti, shule zikafungwa tangu mwanzo wa mwezi hadi tarehe 18. Katika Oktoba na Novemba 2021 mabweni mengi yaliungua moto, na walimu na wazazi waliotafuta sababu walitaja uchovu wa wanafunzi kabla ya jingine lolote, hata wizara ikatoa mapumziko ya katikati ya muhula ambayo hayakuwa katika kalenda. Nasema bila ya kuficha kwamba tulimlipisha mtoto deni asilolikopa. Bora ingalikuwa kupunguza mtaala kuliko kupunguza usingizi.

Jirani zetu walishika njia nyingine. Tanzania, iliyofunga Machi 17, ilifungua kidato cha sita na vyuo tarehe 1 Juni na shule zote tarehe 29 Juni 2020, na mtihani wa darasa la saba ukafanywa Oktoba ya mwaka ule ule. Uganda ilikaa karibu miezi 22 kabla ya kufungua shule zote tarehe 10 Januari 2022, isipokuwa baadhi ya madarasa yaliyorudi kwa vipindi; na ilipofungua iliwapandisha watoto madarasa ya mbele na kuufupisha mtaala, likawabakia walimu la kumfundisha mtoto aliyepandishwa darasa ambaye la nyuma hakulimaliza.

Walimu wakuu waliofaulu, kwa niliyoyaona na kuyasikia, ni wale ambao wiki ya kwanza hawakufundisha kitu kipya. Walimketisha kila mtoto asome ukurasa mmoja na afanye hesabu tano, wakaandika katika rejista, pembeni mwa jina, amefika wapi. Na kwa daftari hilo wakagawa vikundi na vipindi vya jioni. Kazi hiyo haikugharimu fedha, ila ilitaka subira, na ilitaka kiongozi asiyeogopa kumwambia mkaguzi kwamba darasa lake liko nyuma.

Kalenda ilirudi mahali pake Jumatatu ya tarehe 23 Januari 2023, na wale watoto wa gredi ya nne walioitwa Oktoba 2020 wakawa kundi la kwanza kuingia sekondari ya chini. Profesa Magoha, aliyekuwa amekwisha kuondoka wizarani, alifariki Nairobi siku ya pili yake.