Gor Mahia haikuiua Thika United

Kuna story moja wasee wa Thika wanaipenda sana, na nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi huku Ruiru. Inaenda hivi: Thika United ilikuwa timu poa, ikakuza vijana, halafu Gor Mahia ikaja ikawabeba mmoja mmoja mpaka timu ikaisha. Mwizi anajulikana, aliyeibiwa anajulikana, kesi imefungwa. Mimi naona hiyo kesi ilifungwa mapema. Ndio niweze kuifungua, itabidi turudi nyuma miaka kadhaa, na hata tupitie Marekani kwa besiboli, mchezo ambao wengi wetu hatujui hata pointi zinahesabiwa aje. Vumilieni, nitakuwa mpole.

Tuanze na maziwa. Brookside iko hapa Ruiru, na ndio walikuwa wanailipia Thika United bili. Ndiyo maana timu ilikuwa ikiitwa ya wauza maziwa. Haikuwahi kushinda Ligi Kuu, lakini ilikaa huko misimu mingi na ilikuwa na jicho la kuona kipaji. Francis Kahata, yule kiungo wa mguu wa kushoto anayepiga pasi kama anakutumia barua, alipita pale. Michael Olunga naye alichezea Thika United mwaka wa 2014, akiwa na miaka 20, baada ya kupitia Tusker.

Mwaka uliofuata Olunga alikuwa Gor. Akafunga mabao 19 ligini, na Gor ikachukua taji la 2015 bila kupoteza mechi hata moja. 2016 akaenda Djurgården ya Sweden. 2017 Uchina, halafu Girona ya Uhispania kwa mkopo, 2018 Kashiwa Reysol ya Japani. Novemba 2019 akafunga mabao nane katika mechi moja, Kashiwa ikiwachapa Kyoto 13-1. Nane! Mimi hata kwa PlayStation sijawahi. 2020 akamaliza ligi ya Japani na mabao 28 na kuchaguliwa mchezaji bora, kisha 2021 akahamia Al-Duhail ya Qatar.

Na Thika United? Udhamini wa Brookside uliisha, na 2018 timu ikashuka daraja.

Ukiweka hizo story mbili kando kwa kando, ni rahisi kusema kubwa imemla mdogo. Lakini hebu angalia orodha ya mabingwa wa Kenya. 2006 ni SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Awendo. 2007 Tusker. 2008 Mathare United, vijana wa mtaa wa mabanda. 2009 Sofapaka, msimu wao wa kwanza kabisa Ligi Kuu. 2010 Ulinzi Stars, wanajeshi. Miaka mitano, mabingwa watano tofauti. Sijui kama mnaelewa vile hiyo ni nadra. Na wakati huo wote Gor na AFC Leopards, timu zenye mashabiki wengi kuliko zingine zote zikiwekwa pamoja, zilikuwa zinahangaika. Gor haikuwa imeshinda ligi tangu 1995, na Leopards tangu 1998. Wachezaji walikuwa wanahama kama kawaida. Hakukuwa na sheria ya kumzuia mtu asiende K'Ogalo.

Sasa songa mbele. Kutoka 2013 mpaka msimu wa 2023/24 ni misimu 12. Gor imeshinda tisa, Tusker tatu. Hakuna mwingine. Ukizaliwa 2012, ulikuwa unaenda kumaliza shule ya msingi bila kuona bingwa wa tatu.

Nini ilibadilika? Watu husema ni usajili. Hapo ndipo nawapeleka Marekani.

Tangu 1879, wenye timu za besiboli walikuwa na kifungu kimoja kwa mkataba, kifungu cha kumhifadhi mchezaji. Ukisaini na timu, mkataba ukiisha, timu bado inakumiliki. Inaweza kukubadilisha na mchezaji mwingine kama unavyobadilisha simu, na wewe huna neno. Na sababu waliyotoa ilikuwa tamu sana: tunafanya hivi kwa ajili ya usawa. Tukiwaacha wachezaji huru, timu tajiri zitawabeba wote na ligi itakufa. Ni ile story ya Thika kabisa, imesemwa na mabwenyenye.

Oktoba 1969, St. Louis Cardinals ikamhamisha Curt Flood kwenda Philadelphia bila kumuuliza. Flood, mchezaji mweusi aliyekuwa ameipa hiyo timu miaka 12, akakataa, akasema yeye si mali ya kuuzwa. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu na 1972 akashindwa. Maisha yake ya mchezo yalikuwa yameshaisha kabla ya hapo. Lakini Desemba 1975, msuluhishi mmoja anayeitwa Peter Seitz akaamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally wako huru, na ule ukuta ukaanguka.

Je, ligi ilikufa? Cheki hii. Wakati wachezaji walikuwa wamefungwa, New York Yankees walishinda taji mara tano mfululizo, 1949 hadi 1953. Baada ya wachezaji kufunguliwa, kutoka 1978 hadi 1987, kulikuwa na mabingwa kumi tofauti kwa miaka kumi. Kwa hivyo kumfunga mchezaji hakukuleta ule usawa. Kulichofanya ni kuweka mshahara wake chini, na hiyo pesa iliyobaki nyinyi mnajua iliingia mfuko wa nani. (Sitaki kudanganya pia: siku hizi Los Angeles Dodgers wanaweza kumpa Shohei Ohtani mkataba wa dola milioni 700, na wamechukua taji la 2024 na la 2025. Pesa bado ni pesa.)

Turudi nyumbani. Kama uhamisho si mwizi, ni nani? Mimi nasema ni mshahara usiolipwa. Angalia tena ile orodha. SoNy ni kiwanda. Tusker ni kampuni ya bia. Ulinzi ni jeshi, na mchezaji wake ni askari mwenye payslip. Bingwa wa 2024/25, yule aliyevunja hiyo ngoma ya Gor na Tusker, ni Kenya Police. Unaona kitu wanafanana? Mwisho wa mwezi unafika na doo inaingia. Haya si mambo mapya Kenya. Tangu enzi za zamani, timu za mashirika zilikuwa zinamvuta mchezaji kwa kumpa kazi, hata sio ada. Mchezaji wa jeshi haendi mahali kwa sababu ukiacha timu unaacha ajira. Ni kama kile kifungu cha besiboli, ila hiki kinakuja na pensheni.

Mathare na Sofapaka hawakuwa na kiwanda, lakini wakati huo SuperSport ilikuwa imeanza kuonyesha ligi na pesa ya runinga ilikuwa inafikia kila klabu, sio Gor na Leopards pekee. Nakubali hesabu yangu haikai sawa kabisa, kwa sababu Gor ilianza kutawala 2013 na SuperSport bado ilikuwepo. Hapo kuna kitu kingine, na hiki ndicho kinanichekesha. Miaka hiyo jezi ya Gor ilikuwa imeandikwa Tuzo kifuani. Tuzo ni maziwa ya nani? Ya Brookside. Ng'ombe mmoja wa Ruiru alikuwa ananyonyesha Thika United na Gor Mahia pamoja. Ila Gor ikiongeza hiyo pesa juu ya mashabiki wanaojaza uwanja, inapata timu. Thika ikikamuliwa ng'ombe wake mmoja, inaishi. Ng'ombe akiondoka, basi.

Na Gor wenyewe waliyaonja. SuperSport iliondoka 2017. SportPesa ikakata udhamini mwanzoni mwa 2018 kwa sababu ya ushuru wa asilimia 35, ikarudi, halafu 2019 ikapoteza leseni na kutoweka tena. Hebu angalia nani aliondoka Gor miaka hiyo: Meddie Kagere kwenda Simba 2018, Kahata kwenda Simba 2019, Jacques Tuyisenge kwenda Petro de Luanda mwaka huo huo, Joash Onyango kwenda Simba 2020. Kagere alimaliza mfungaji bora Tanzania msimu wake wa kwanza, na wa pili pia. Yaani kwa Simba, Gor ni Thika. Baadaye FIFA ikazifungia Gor na Leopards zisisajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha. Hapo ndipo unaona kwamba hata yule "mwizi" alikuwa anadaiwa.

Nina beshte yangu tulicheza naye hapa Ruiru, beki wa kulia, mbio kama boda imekosa breki. Akaitwa na klabu fulani ya madaraja ya chini. Akasaini karatasi moja, mbele na nyuma, kwenye bonneti ya gari. Hakupewa nakala. Mshahara ukaja miezi miwili, wa tatu ukawa ahadi, wa nne ukawa "tuombeane". Akaacha, akaenda kuuza mitumba, na sai ukimuuliza alikuwa na mkataba wa miaka mingapi, hajui. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo siwezi kumcheka mtu aliyeacha kitu kwa kusota. Lakini hiyo karatasi inanisumbua mpaka leo.

Inanisumbua kwa sababu kuna sheria. Tangu 2018, kanuni za FIFA zinasema mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia klabu notisi ya siku 15, na ikishindwa kulipa anavunja mkataba kwa haki. Anaondoka bure. Sasa fikiria klabu ndogo imemlea kijana miaka mitatu, halafu inakosa kumlipa miezi miwili. Imempoteza, na haitapata hata ndururu ya uhamisho. Hakuna Gor iliyomuiba. Mlango uliachwa wazi kutoka ndani.

Na pesa inayopotea si kidogo, maana kuna mgao ambao wengi hawaujui. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada inatengwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa kuanzia miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada nzima, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Olunga alikuwa na miaka 20 alipokuwa Thika. Kwa hivyo kwa kila dola milioni moja iliyolipwa kumhamisha nje baadaye, msimu mzima aliocheza Thika ulikuwa na thamani ya dola 5,000. Mara moja, mbili, kila akiuzwa. Chukua Victor Wanyama, aliyepitia Nairobi City Stars na AFC Leopards kabla hajaenda Ulaya: Southampton iliripotiwa kulipa Celtic pauni milioni 12.5 mwaka wa 2013. Asilimia 0.5 ya hiyo ni pauni 62,500, kwa msimu mmoja tu wa kijana wa miaka 16. Hiyo ni bajeti ya timu nzima huku kwetu.

Lakini hiyo pesa haikuwa inakuja yenyewe. Ilibidi klabu idai, ndani ya miaka miwili, na ithibitishe kwamba kijana alisajiliwa kwake tarehe fulani hadi tarehe fulani. Kwa karatasi ya bonneti utathibitisha nini? Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi Paris inayokusanya na kugawa hizi pesa, na inaangalia pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani historia yake yote ya usajili. Inaonekana rahisi zaidi. Ila pasipoti inajazwa na kilichosajiliwa. Kama shirikisho halina jina lako ukiwa na miaka 13, wewe ulizaliwa na miaka 18.

Hiyo asilimia 5 pia haigusi uhamisho wa ndani ya nchi ukiishia hapo. Kijana akitoka Thika kwenda Nairobi, ni mapatano ya klabu mbili, na klabu yenye njaa hupatana vibaya. Ndiyo maana mimi nikienda uwanja wa Thika au ule wa Ruiru wikendi nikaona makocha wa watoto, siulizi tena wamefunga ngapi. Nauliza nani anaweka kadi za usajili. Wengi wananiangalia kama mtu wa ushuru.

Thika bado ina timu. Bidco United, ya kiwanda cha mafuta, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21, na kama mmefuatana na mimi mpaka hapa mnaweza kujua kwa nini timu yetu iliyofuata ililetwa na kiwanda kingine. Wale vijana wa miaka 12 wanaofanya mazoezi hapo nje saa hii, msimu wao wa kwanza wa hesabu umeshaanza. Kuna mtu ameandika majina yao?