Nani Mkumbushaji? Kijiji cha Makumbusho na Watoto wa Kariakoo

Mwambie konda "nishushe Makumbusho" naye atakushusha stendi, Kijitonyama, katikati ya kelele za wapiga debe. Makumbusho yenyewe, yaani Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa mwaka 1966 kando ya Barabara ya Bagamoyo, kwa wakazi wengi wa jiji yamebaki jina la kituo tu. Katika makala haya nadai kwamba kijiji kile ni matini, na kama ilivyo kwa matini yoyote ya fasihi simulizi, hakikamiliki bila fanani. Fanani huyo aghalabu ni bibi au babu aliyekuja na wajukuu zake.

Hebu tulitazame neno. Kumbuka, kumbusha, makumbusho. Tumeliunda kutokana na kitenzi cha kusababisha, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukumbusha na mtu wa kukumbushwa. Nyumba peke yake haikumbushi kitu.

Makumbusho ya namna hii, ya nyumba zilizojengwa uwanjani, yana asili yake Sweden, ambako Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm mwaka 1891. Huko Williamsburg, Marekani, wafanyakazi huvaa nguo za karne ya 18 na kufua vyuma mbele ya wageni, na familia zinazowasomesha watoto nyumbani badala ya shuleni hupafanya darasa la historia. Kwetu, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliifanya shule ya msingi kuwa ya lazima, hivyo mtindo huo haukupata nafasi kubwa. Lakini kufunda nyumbani tunakujua tangu kale: jando, unyago, hadithi na vitendawili vya jioni. Mzazi wa Kariakoo anayewapandisha watoto daladala Jumamosi kwenda Kijitonyama anaendeleza kazi hiyohiyo.

Sasa anawasomea nini? Pale msonge wa Wahaya uko eneo moja na tembe la Wagogo na nyumba ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hii. Dhamira iko wazi: makabila mengi, taifa moja. Siikatai. Lakini tutazame tarehe. Kijiji kilianzishwa mwaka 1966. Azimio la Arusha likaja Februari 1967. Mwaka 1971 ikaanza Operesheni Dodoma, ya kuwahamishia Wagogo katika vijiji vya ujamaa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Yaani tembe lilikuwa linatunzwa Dar es Salaam wakati kule Ugogo wenyewe wanaambiwa wayaache ya kwao! Mhakiki asiyeliona hilo amesoma fani akaacha maudhui.

Nililiona mimi kwa sababu ya bibi mmoja Mgogo, jirani yetu wa Mtaa wa Sikukuu, niliyefuatana naye na wajukuu zake watatu. Aliinama, akaingia ndani ya tembe, akanusa, akacheka.

"Tembe gani hili halina moshi?"

Akawaonyesha ndama walipolala na vilindo vya nafaka viliposimama. Kisha akakaa chini, akawasimulia siku waliyohama: nani alibeba nini, mbuzi yupi alipotea, mama yake alivyorudi mara mbili kuchungulia mahame.

"Bibi, mlifukuzwa?" akauliza mkubwa wao.

"Tuliambiwa tukapate maji na shule, mume wangu. Shule tulipata."

Jibu lile lina uzito kuliko insha zetu nyingi. Halilaani wala halisifu. Najua wapo watakaosema kumbukumbu ya mtu mmoja si historia. Kweli, bibi hakutaja mwaka hata mmoja; alisema "wakati wa Operesheni", basi. Mwaka tunautafuta sisi vitabuni. Lakini vitabu navyo havina yule mbuzi, na watoto walimshika mbuzi kwanza, hiyo 1971 wakaifikia baadaye.

Na Kariakoo je? Jina lake lenyewe ni ukumbusho: limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba zake za Kiswahili, ambamo watoto wa makabila yote walifundwa chini ya paa moja, zinavunjwa mtaa baada ya mtaa kupisha maghorofa. Huko hakuna anayetunza hata moja kwa ajili ya wajukuu, ilhali wasimulizi bado wamo ndani wanaishi. Mimi nimeanza na kwa bibi yuleyule: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko uani. Kila chumba kina wapangaji wake wa zamani, na kila mpangaji alitoka mahali. Daftari la kwanza limejaa na bado tuko chumba cha pili.