Watetezi wa Wanyama na Jina la Ugaidi

Wanafunzi wetu wa Historia ya Kanisa hushangaa wasikiapo kwamba harakati za kuwatetea wanyama huko Ulaya zilianzishwa kwa sehemu kubwa na wachungaji. Mwaka 1824 kasisi wa Kianglikana, Arthur Broome, aliitisha mjini London mkutano uliozaa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. William Wilberforce, yule mpinzani wa biashara ya watumwa, alikuwa miongoni mwa waasisi. Broome aliacha kazi ya parokia ili aitumikie shughuli hiyo, na mwaka 1826 alifungwa gerezani kwa ajili ya madeni ya chama. Kwa upande wa Walutheri, Christian Adam Dann alitoa kijitabu cha kuwatetea wanyama mwaka 1822, naye mchungaji Albert Knapp akaanzisha mjini Stuttgart, mwaka 1837, chama cha kwanza cha namna hiyo katika Ujerumani.

Katika makala hii twakusudia kufuatilia jinsi jina la ugaidi lilivyowafikia warithi wao. Warithi hao hawakuwa wote wapole. Mwaka 1976 lilizaliwa huko Uingereza kundi liitwalo Animal Liberation Front, ambalo wafuasi wake walivunja maabara, wakawafungulia wanyama, na pengine wakachoma majengo. Kundi hilo lilienea hadi Marekani. Achomaye jengo ametenda uhalifu, wala hatuna neno la kumtetea. Lakini sheria za kumwadhibu mchomaji zilikuwapo tangu zamani. Basi, lililotafutwa na watunga sheria halikuwa adhabu tu, bali pia jina.

Jina hilo lilikuja kwa hatua mbili. Sheria ya mwaka 1992 ililinda biashara zinazotumia wanyama, kama vile maabara, mashamba, bustani za wanyama na sarakasi, na ndani yake likawekwa kosa jipya lililoitwa ugaidi. Mwaka 2005 afisa mmoja wa ngazi ya juu wa FBI aliieleza kamati ya Seneti kwamba watetezi wa wanyama na wa mazingira wenye msimamo mkali ndio tishio la kwanza la ugaidi wa ndani ya nchi. Tarehe 27 Novemba 2006 Rais George W. Bush akatia sahihi sheria ya pili, na safari hii neno ugaidi limo katika jina la sheria yenyewe. Ulinzi ulipanuliwa hata kwa watu na makampuni yenye uhusiano na biashara hizo, na katika kupima adhabu huhesabiwa pia faida iliyopotea. Kwa haki, tuseme kwamba sheria hiyo ina kifungu kinachotamka kuwa haizuii maandamano ya amani.

Kesi zenyewe zafundisha zaidi. Mwezi Machi 2006, huko Trenton, New Jersey, watu sita pamoja na shirika lao walitiwa hatiani kwa sheria ya 1992, kwa kampeni yao dhidi ya kampuni ya Huntingdon Life Sciences. Ushahidi mkubwa ulikuwa kurasa zao za intaneti, zilizotangaza anwani za nyumbani za wafanyakazi na kusifu uharibifu uliofanywa na wengine. Walihukumiwa kifungo cha kuanzia mwaka 1 hadi 6. Sisi twayaona hayo kuwa vitisho, na hofu ya zile familia ilikuwa hofu ya kweli. Lakini vitisho vina jina lake. Amri ya Nane, kama Luther anavyoifafanua katika Katekisimo Ndogo, haimruhusu mtu kumpachika jirani jina zito kuliko tendo lake, hata kama jirani huyo ni mkosaji.

Mwaka 2009 watu wanne walikamatwa California. Walishtakiwa kwa sheria ya ugaidi kwa sababu waliandamana mbele ya nyumba za watafiti wa Chuo Kikuu cha California, wakapiga kelele na kuandika kwa chaki njiani. Julai 2010 jaji aliifuta kesi, kwa kuwa hati ya mashtaka haikueleza waziwazi ni tendo gani lililokuwa kosa. Kwa zaidi ya mwaka mzima walikuwa wameishi kama washtakiwa wa ugaidi.

Watetezi wengine walikwenda mahakamani kuipinga sheria yenyewe, wakisema kwamba kwa hofu wameacha maandamano waliyoyaona kuwa halali. Mwaka 2014 mahakama ya rufani mjini Boston iliwajibu kwamba sheria haikuyakataza mambo hayo, hivyo hofu yao haikuwa na msingi wa kufungulia kesi. Sheria ikabaki ilivyo, pamoja na jina lake.